Bonsai ndani ya kabati la taa hapa Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia kabati la chipsi mpaka kubadilisha udongo

Wadau, hii nimeiandika kwa ajili ya watu wa Dodoma na majirani zetu wa Singida, maana mafundisho mengi ya bonsai, yaani mti unaofugwa mdogo ndani ya bakuli, yametoka nchi za baridi na shida zao sio zetu. Wao wanahangaika na theluji, sisi tunahangaika na hewa kavu, upepo wa vumbi na maji ya chumvi. Ila kuna kitu kimoja kinatuunganisha nao, nacho ni giza la ndani ya nyumba, na hilo giza ndilo linaloua bonsai nyingi za sebuleni. Mtu anaona majani yanadondoka anaongeza maji, yanazidi kudondoka anaongeza tena, kumbe mti una njaa ya mwanga, hauna nguvu ya kuyanywa hayo maji, mizizi inakaa kwenye tope mpaka inaoza, halafu mwisho wa siku tunasema hizi bonsai za kuuziwa hazina maisha.

Angalia namba. Nje saa sita mchana jua likiwa wazi unapata kama luksi 100,000, luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali. Ndani ya nyumba, mita mbili tatu kutoka dirishani, ni luksi mia chache tu, mara nyingi hata 500 hazifiki. Wewe unaona sebule ina mwanga wa kutosha kwa sababu jicho linajirekebisha lenyewe, mti hauna hiyo bahati, wenyewe unahesabu mwanga kama sisi tunavyohesabu sahani za ugali. Kwahiyo kabla hujafikiria mkasi, waya au bakuli zuri, fikiria taa.

Niseme ukweli mapema, kama una uwanja wako, una ukuta wa kuzuia upepo na una neti ya kivuli, weka mti nje, hamna taa itakayoshinda jua letu. Mwongozo huu ni wa wapangaji, watu wa ghorofani, watumishi waliohamia na kupata vyumba viwili bila ua, watu wa ofisini, na wale ambao mbuzi na kuku wa jirani hawajawahi kuacha mche salama.

Hatua ya 1: chagua mti unaovumilia ndani

Jibu langu fupi ni faikasi, Ficus benjamina, ile miti ya majani madogo yanayong'aa ambayo watu wanaipanda mbele ya maofisi na kuikata duara. Ipo kwenye kila kitalu cha maua cha barabarani, inavumilia kukatwa, na inastahimili mwanga mdogo kuliko miti mingi. Ukipata Ficus microcarpa, yenye shina nene lililovimba chini, hiyo pia safi.

Chaguo la pili ni Portulacaria afra, mti wa Afrika Kusini wenye vijani vidogo vinene, unatunza maji ndani ya majani kwahiyo anayesafiri sana namshauri huu. Unataka mwanga zaidi kidogo ya faikasi na maji kidogo sana.

Sasa najua swali linalokuja, mbuyu je? Sisi ni watu wa mibuyu, ukitoka mjini kidogo tu unaikutana imesimama mashambani, na kila mtu anayeanza bonsai huku anautamani. Mbuyu unawezekana ila sio mti wa kabati kwa anayeanza, unataka jua kali, ukiuweka chini ya taa ndogo unarefuka mwembamba bila kunenepa shina, na nusu ya uzuri wa mbuyu ni shina. Unapukutisha majani kiangazi na ukiendelea kuumwagilia wakati hauna majani unaoza. Kama moyo umekataa kabisa, loweka mbegu kwenye maji ya moto usiku mzima, ziotee nje, zikae nje miaka kadhaa kwenye jua mpaka shina linenepe, ndio uanze habari za kuingiza ndani. Mkwaju ni hivyohivyo, mzuri sana ila una njaa ya mwanga.

Kwenye kitalu usinunue mti kwa urefu wala wingi wa majani. Inama, fukua udongo kidogo kwa kidole, tazama pale shina linapoingia ardhini. Unataka shina linalotanuka chini, mizizi imetawanyika pande zote, na matawi yanayoanza chini chini. Mti wa nusu mita wenye shina la unene wa kidole gumba unakutosha, utaukata ufike sentimita 25 hadi 30. Geuza majani uangalie chini yake kama kuna wadudu. Na tafadhali usiende kuchimba miti kwenye hifadhi au kwenye milima ya watu, kitalu kina kila unachohitaji.

Ambaye hana haraka achukue kipandikizi. Kata tawi la faikasi lenye unene wa kidole, urefu sentimita 15 hadi 20, acha majani mawili matatu juu, subiri utomvu mweupe ukauke, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya kabati. Jamii hii ya miti inaota kirahisi sana, Uganda ule mti wanaotengenezea vitambaa vya magome, Ficus natalensis, nao wanaupanda kwa vipande vya matawi.

Hatua ya 2: kabati lenyewe

Wengi wakisikia kabati la mimea wanawaza kuagiza kitu kutoka nje. Mimi nasema nenda kwa fundi aluminiamu yeyote, mwambie akutengenezee kabati la chipsi. Ndio, lilelile la vioo la kuuzia chipsi na mandazi. Fremu yake haiozi kwa unyevu, mbele ni kioo mti unaonekana, nyuma kuna milango ya kusukuma ambayo unaweza kuiachia upenyo mdogo au mkubwa unavyotaka, na kila fundi anajua kulitengeneza bila kuchorewa. Huo mlango wa kusukuma ndio siri, utauona faida yake tukifika kwenye unyevu.

Vipimo: ndani upana usipungue sentimita 65 ili tyubulaiti za sentimita 60 ziingie na vishikio vyake, kina 45, urefu 70 kwenda juu. Kwa ukubwa huo unakaa mti mmoja mkubwa kiasi au miwili midogo. Ukinunua lililotumika, lioshe na maji ya moto na sabuni mpaka kioo kisiteleze kabisa, mafuta ya kukaangia yanaacha utando na ule utando unakula mwanga na kukusanya vumbi.

Vioo vya pembeni na vya nyuma usiviache wazi, mwanga unatoka nje bure. Vipake rangi nyeupe isiyong'aa kwa upande wa nje, au bandika karatasi nyeupe nzito, au ukate plaiwudi upake nyeupe. Nyeupe ya kawaida inarudisha mwanga vizuri kuliko foili iliyokunjamana ya jikoni. Acha kioo cha mbele tu. Juu kabisa nyuma mwambie fundi atoboe matundu kama kumi ya kutolea joto, ubandike kipande cha neti ya mbu ili wadudu wasiingie. Chini weka sinia pana la bati au plastiki.

Hatua ya 3: taa, na hapa usifanye haraka

Huhitaji taa za zambarau. Zile taa za rangi ya pinki na zambarau zinafanya kazi ila zinafanya mti uonekane mweusi, huwezi kuona jani linaloanza kuwa njano wala mdudu, na bei yake mara nyingi ni kubwa bila sababu. LED nyeupe ya kawaida ina rangi zote mti unazohitaji. Kwenye boksi la taa soma vitu viwili. Cha kwanza ni lumeni, yaani mwanga wote unaotoka kwenye taa, gawanya kwa wati, unataka 100 kwa kila wati au zaidi. Cha pili ni rangi, kati ya 4000K na 6500K.

Kanuni ninayoiamini ni wati 150 za LED kwa mita moja ya mraba ya sakafu ya kabati. Kabati letu la 65 kwa 45 ni kama mita za mraba 0.29, kwahiyo tyubu tano za wati 9, jumla wati 45. Zinatoa kama lumeni 4,500, na ukitoa mwanga unaopotea njiani mti unapata kama luksi 10,000 hadi 12,000, ambazo kwa faikasi kwa saa 14 kwa siku zinatosha kuchipua majani mafupi yaliyobanana. Pakua programu ya simu ya kupima mwanga, weka simu pale juu ya mti ikitazama taa. Simu sio chombo cha maabara ila itakuambia kama uko kwenye 2,000 au 10,000, na hiyo tofauti ndiyo unayoitafuta.

Umbali ni jambo kubwa. Juu ya mti mpaka kwenye taa iwe sentimita 15 hadi 25. Kama mti ni mfupi, usishushe taa, inua mti kwa tofali mbili. Mti ukianza kurefusha vijiti, nafasi kati ya jani na jani ikawa kubwa, unaomba mwanga, usogeze juu. Majani ya juu yakipauka na kukunjamana huku ya chini yakiwa mazima, umesogea mno, shusha.

Umeme sasa. Wati 45 kwa saa 14 ni kama uniti 0.63 kwa siku, sawa na uniti 19 hivi kwa mwezi, weka na feni ndogo inafika 20. Fanya hesabu yako ya LUKU kabla, hasa kama uko kwenye lile kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, maana uniti 20 ni zaidi ya robo yake na hutaki kabati likupandishe daraja bila kujua.

Taima ni lazima, usitegemee kumbukumbu. Chukua ya kidijitali yenye betri ndani, zile za kuzungusha umeme ukikatika saa yake nayo inasimama, ukija kushtuka taa zinawaka usiku wa manane na kuzima mchana. Umeme ukikatika siku moja au mbili usihangaike, faikasi haifi kwa hilo, acha tu kumwagilia mpaka taa zirudi.

Usalama: hapa kuna maji na umeme kwenye boksi moja. Chukua tyubu zilizozibwa zisizoingiza maji, vitu vyote vya kuunganishia, adapta na extenshen, vikae nje ya kabati na juu kuliko sinia. Kila waya unaoingia ndani uache uning'inie chini kidogo kabla haujapanda kwenye soketi, tone la maji likitelemka liangukie sakafuni lisiende kwenye soketi. Hii kazi mpe fundi umeme, na muambie aweke waya wa athi kwenye fremu ya aluminiamu.

Hatua ya 4: joto na saa za kuwasha

Faikasi inapenda nyuzi 18 hadi 30. Ndani ya kabati, taa za wati 45 zinaongeza nyuzi kadhaa juu ya joto la chumba, na hapo ndipo Dodoma inapokuwa na mambo yake. Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, chumba chenye bati bila dari ni moto, ukiongeza na taa mchana unapika mti. Juni na Julai ni kinyume, usiku unashuka mpaka nyuzi 13, 14, na faikasi inasimama kukua.

Dawa ya yote mawili ni moja, washa taa usiku. Weka taima kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 2 asubuhi, hizo ni saa 14 zilezile. Mwezi wa kumi joto la taa linakuja wakati chumba kimepoa, mwezi wa saba taa zinageuka kuwa hita ya bure. Mti hauna shida usiku wake ukiwa mchana wetu, ilimradi ratiba isibadilikebadilike kila siku. Kama kabati liko chumbani unapolala na mwanga unakusumbua, basi tumia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, na kipindi cha joto fungua mlango wa nyuma zaidi. Ukiona kipimajoto ndani kinazidi 33 kila siku, punguza tyubu moja au ongeza matundu.

Hatua ya 5: unyevu na feni

Nunua kile kipima joto na unyevu kidogo cha kidijitali, kinakaa kwenye kiganja. Kiangazi hewa ya Dodoma mchana inakauka vibaya sana, midomo inapasuka, mbao za milango zinasinyaa, na jani la mti linakauka kingo vilevile. Ndani ya kabati unatafuta asilimia 60 hadi 70.

Namna ya kufika huko: jaza sinia kokoto ndogo, mimina maji yasifike juu ya kokoto, weka bakuli la bonsai juu ya hizo kokoto lisiguse maji. Watu wanabishana kama sinia la kokoto linasaidia. Kwenye sebule wazi ni kweli halisaidii kitu, unyevu unapotea hewani, lakini ndani ya kabati lililofungwa linafanya kazi yake. Baada ya hapo unacheza na mlango wa nyuma. Unyevu umezidi 80, kioo kinatoa jasho asubuhi nzima, achia upenyo wa vidole viwili. Umeshuka 45, funga. Masika huku kwetu, kuanzia Desemba mpaka Aprili, unaweza kuacha upenyo muda wote.

Feni usiiache. Hewa iliyosimama kwenye boksi lenye unyevu ni ukungu unakuja. Chukua feni ya kompyuta ya volti 12, mafundi wa kompyuta wanazo za kwenye mashine zilizokufa, iunganishe na adapta ya volti 12 ya king'amuzi cha zamani. Ikiwa na kelele tumia adapta ya volti 9, inazunguka polepole. Isipulize mti moja kwa moja, ielekeze ukutani, unataka majani yatikisike kidogo tu.

Hatua ya 6: udongo wa kuchanganya mwenyewe

Usitumie udongo mwekundu wa shambani, wala ule mweusi wa kitalu peke yake. Kwenye bakuli fupi udongo laini unashika maji chini kama sifongo na mizizi inakosa hewa. Wajapani wanatumia akadama, udongo wa chembechembe ngumu, kwetu haupatikani madukani na hauhitajiki.

Chukua tofali za kuchoma zilizovunjika, kwenye kila eneo la ujenzi Iyumbu, Ilazo, popote zimejaa. Chagua zilizoiva vizuri, tofali mbichi inageuka tope. Zitwange, kisha chekecha mara mbili: kwanza kwenye wavu wa matundu ya milimita 5, vinavyobaki juu virudi kwenye kinu, halafu kwenye wavu wa milimita 2, vinavyopita tupa. Unabaki na chembe za milimita 2 hadi 5. Funika pua na mdomo wakati wa kutwanga, vumbi la tofali sio zuri kwa mapafu. Fanya hivyohivyo na chenga za kokoto. Osha mpaka maji yawe meupe.

Mchanganyiko: sehemu mbili tofali, sehemu moja chenga za kokoto, sehemu moja mboji iliyoiva kabisa, nayo ichekeche. Samadi mbichi ya ng'ombe au mbuzi usiweke, inachoma mizizi na nyumba itanuka. Jaribio lake ni rahisi, mimina maji juu ya bakuli lililojaa, yanatakiwa yazame papo hapo na kuanza kutoka chini ndani ya sekunde chache. Yakituama juu, kuna vumbi bado, chekecha tena.

Hatua ya 7: bakuli na kupanda

Bakuli la udongo wa kufinyanga linafaa, muhimu liwe na matundu ya kutosha chini, mawili makubwa hadi manne. Urefu wa bakuli uwe kama theluthi mbili ya urefu wa mti, na kina chake kikaribiane na unene wa shina, ila kwa anayeanza ongeza kina kidogo, bakuli fupi sana linakauka haraka na halisamehe.

Kabla ya kupanda, mti mpya ukae ndani ya kabati ukiwa kwenye mfuko wake wa kitalu wiki tatu nne. Utapukutisha majani, faikasi ukiihamisha tu inapukutisha, usiogope na usiongeze maji. Vichipukizi vipya vikitoka ndio uko tayari.

Siku ya kupanda fanya kwenye kivuli, ndoo ya maji iwe pembeni. Kung'uta udongo wa zamani kwa njiti, chambua mizizi kuanzia kwenye shina kwenda nje, kata mzizi mkuu unaoshuka chini na jumla ya mizizi unayoikata isizidi theluthi moja. Ziba matundu ya bakuli kwa neti ngumu, pitisha waya kwenye matundu utokee juu, weka udongo kidogo, kalisha mti, kisha funga mti kwa huo waya mpaka usitingishike. Watu wengi wanaruka kufunga. Mti unaoyumba unakata vijizizi vyake vipya kila ukiguswa. Jaza udongo, chokoachokoa kwa njiti uingie kati ya mizizi yote, mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Wiki mbili za kwanza kaa na unyevu wa 75 hivi na ushushe mti kidogo au uzime tyubu mbili. Mbolea hapana mpaka uone majani mapya.

Hatua ya 8: maji, tatizo letu la kweli

Maji yetu mengi yanatoka visimani, ya bomba yakiwemo yale ya Makutupora, na visima vya mitaani vingine vina chumvi mpaka chai inabadilika ladha. Kwenye bakuli dogo maji yanakauka, chumvi inabaki, na kila ukimwagilia unaongeza nyingine. Dalili ni ukoko mweupe kwenye udongo na kwenye bakuli, ncha za majani zinakuwa kahawia, baadaye majani mapya yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Kuchemsha hakusaidii, chumvi haiondoki na mvuke, inabaki kwenye sufuria.

Maji bora ni ya mvua. Masika kinga kwenye mapipa au simtanki, mti mmoja wa bakuli la sentimita 25 unatumia maji machache sana, madumu machache yaliyofungwa vizuri na kuwekwa gizani yanakuvusha mbali. Acha mvua ya kwanza isafishe bati, usikinge ile. Wa ofisini wana njia nyingine, maji yanayodondoka kwenye bomba la AC hayana chumvi, yachuje kwa kitambaa na uyachanganye nusu kwa nusu na ya bomba. Huna hata moja? Tumia ya bomba, weka kijiko kimoja cha chai cha siki nyeupe kwenye lita 5 kupunguza chokaa, na kila mwezi osha udongo kwa kumimina maji mengi, mara tatu ya ujazo wa bakuli, polepole mpaka yote yatoke. Siki haiondoi chumvi, kuosha ndiko kunakoiondoa.

Lini umwagilie? Usifuate kalenda. Chomeka njiti ya mshikaki kwenye udongo karibu na shina, iache humo. Kila asubuhi ichomoe uiguse. Ikiwa na unyevu na rangi imekolea, acha. Ikiwa inaelekea kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri dakika kumi, mwagilia tena. Ndani ya kabati inaweza kuwa kila siku ya pili au ya nne, inategemea mlango umeufungua kiasi gani. Kupulizia majani kwa maji ya chumvi kunaacha madoa meupe, pulizia ya mvua au usipulizie.

Hatua ya 9: mbolea

Udongo wa tofali hauna chakula, kwahiyo mbolea ni lazima, ila kidogo. NPK 17:17:17 ya duka lolote la pembejeo inatosha, robo kijiko cha chai kwenye lita moja, loweka usiku kucha, chuja, mpe mti kila baada ya wiki mbili, udongo ukiwa na unyevu tayari. Urea achana nayo. Mti mgonjwa au uliotoka kukatwa mizizi usiupe mbolea.

Hatua ya 10: kukata na kufunga waya

Huku ndiko watu wanakimbilia, mimi nasema subiri mpaka mti uwe unakua kwa nguvu. Kisha tawi likitoa majani sita hadi nane, likate ubakize mawili. Kwenye kila kikonyo cha jani lililobaki kuna kichipukizi, kwahiyo tawi moja linakuwa mawili, na ukirudia hivyo ndivyo unavyopata matawi madogo madogo yaliyobanana. Lakini tawi unalotaka linenepe, liache lirefuke bila kuligusa, liguse hata kioo, ndio ulikate. Sehemu ya juu ya mti ikate zaidi kuliko ya chini, faikasi inapeleka nguvu juu na matawi ya chini yakipata kivuli yanakufa.

Utomvu mweupe unawasha ngozi na ni hatari ukiingia machoni, futa kwa kitambaa chenye maji, nawa mikono, na mbuzi wala paka wasile vipande.

Waya: usinunue wa kuagiza. Chukua nyaya za umeme za shaba zenye uzi mmoja, za 1.5 na 2.5, menya plastiki, kisha weka shaba tupu kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, toa iache ipoe. Inakuwa laini inakunjika kwa vidole, na ukishaikunja kwenye tawi inaanza kukaza yenyewe. Plastiki imenye kwanza, usiichome, moshi wake ni sumu. Waya uwe na unene kama theluthi ya tawi, uzungushe kwa mshazari, sio kubana wala kulegea, na ushikize mwanzo wake kwenye shina au tawi la jirani. Kunja polepole ukiwa umeshika kwa vidole gumba viwili pale pa kukunja. Kwenye kabati la joto tawi linanenepa haraka, kuanzia wiki ya nne angalia kila wiki, ukiona waya unaanza kuzama kwenye gome ukate vipande vipande kwa plaizi, usiuzungushe kuutoa.

Wadudu

Watakuja, hata ndani. Hewa ikikauka wanakuja utitiri wekundu, wadogo mno, utaona majani yana vidoadoa na utando mwembamba chini yake. Pandisha unyevu, osha majani chini kwa maji, halafu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kawaida kwenye lita moja, pulizia kila baada ya siku tano mara tatu. Vidung'ata vile vyeupe kama pamba, pamba ya masikio na spiriti, kimoja kimoja. Mafuta ya mwarobaini yanafanya kazi kwa wote, matone machache na sabuni kidogo yachanganyike na maji, pulizia taa zikiwa zimezima ili majani yasiungue. Visubi vidogo vyeusi vinavyoruka kwenye udongo vinamaanisha unamwagilia sana, rudi kwenye njiti ya mshikaki.

Ukisafiri

Siku nne tano mwagilia, jaza sinia, funga mlango wote, ondoka. Wiki mbili, weka ndoo ya maji juu kuliko bakuli, kamba ya pamba ianzie ndani ya ndoo iishie kwenye udongo, jaribu kwanza siku tatu ukiwa nyumbani uone inatoa maji kiasi gani. Punguza taima iwe saa 10, mti ukipata mwanga kidogo unakunywa kidogo.

Baada ya miaka miwili

Maji yakianza kuchelewa kuzama, au mti ukijiinua kwenye bakuli, mizizi imejaa. Fanya kazi hii kati ya Oktoba na Machi wakati kuna joto. Utoe mti mzima, chambua, kata theluthi ya mizizi hasa ile minene inayozunguka bakuli, bakiza myembamba, na kata majani kiasi hichohicho juu ili mizizi iliyobaki isielemewe. Tofali za zamani unaweza kuzichekecha, kuziosha chumvi, kuzianika juani siku kadhaa na kuzitumia tena, mboji tu ndiyo uweke mpya. Rudisha kwenye bakuli lilelile, funga kwa waya, zima tyubu mbili, unyevu 75, na mbolea usiikumbuke mpaka majani mapya yatoke.